Njia Niliyoinyoosha Kwenye Matete

Suguti

Mwanangu Majura,

Nisamehe kwa ukimya wangu. Sisemi ukimya wa watu waliotengana. Wewe na mimi tumekuwa tukila kwenye meza moja. Lakini tangu siku shangazi yako Nyanjura alipopoteza mkono, sijakwambia neno zaidi ya "chakula kipo" na "funga mlango". Masika yote yamepita tukiwa hivyo. Ulidhani nina hasira, na hukukosea. Ila hasira ilikuwa sehemu ndogo. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitatoa neno ambalo sitaweza kulirudisha. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo cha wanyamapori, na neno hilo siwezi kubaki nalo peke yangu humu ndani. Ninaliandika ili uondoke nalo.

Habari za kufua, kuamka mapema na kuchagua marafiki sitaziandika. Nilikufundisha ukiwa mdogo. Kama hukuzishika wakati ule, karatasi haitakusaidia.

Nitaanza Guta nilikozaliwa, kwa sababu ubaya wangu ulianzia kule. Babu yako alikuwa mkulima wa pamba. Hakuwa mlevi, hakumpiga mama, na alilala akiwa amechoka kila siku ya maisha yake. Alikuwa mtu wa kung'oa. Mgunga ukisimama shambani, aliuchimba mpaka mzizi wa mwisho. Kichaka kilichobaki mpakani alikiita uvivu wa jirani. Kwelea walipotua kwenye mtama wetu, alitutuma sisi watoto kuangusha viota vyao, na vifaranga walipodondoka, tuliwakanyaga. Alituagiza tutumie kisigino, tusitumie vidole, ili kazi iishe upesi. Mimi nilikuwa hodari kuliko kaka zangu wote. Nilisifiwa mbele ya wageni.

Hatimaye shamba likawa jinsi alivyolitaka: tupu, mistari imenyooka, hakuna kivuli. Kisha mvua kubwa ikaja, na udongo wetu ukateremka ziwani ukiwa na rangi ya chai. Mwaka uliofuata ukateremka uliosalia. Baba alisimama kwenye mawe yaliyobaki akasema jirani amemroga. Alikufa akiamini hivyo, na jirani yule alizikwa bila watu wa nyumba yetu kumtupia hata konzi moja ya mchanga. Hatukujua kwamba miti tuliyoing'oa ndiyo iliyokuwa imeushika udongo. Nilikuja kulijua jambo hilo nikiwa mwalimu Butiama, katika kitabu cha darasa la tano, mbele ya wanafunzi, chaki ikiwa mkononi. Niliendelea kusoma kwa sauti kana kwamba halinihusu.

Kujua hakukunibadilisha. Nilichukua mistari ya baba nikaihamishia shuleni. Viwanja vyangu vilikuwa na njia zilizonyooka, na kila njia ilipangwa mawe pembeni, na kila jiwe lilipakwa chokaa. Mtoto aliyekatiza kwenye nyasi alizikata nyasi hizo kwa mkono wakati wa mapumziko. Wakaguzi walinisifu. Yakumbuke mawe hayo meupe. Utayakuta tena mbele.

Baba yako alinioa akanileta huku Suguti. Yeye alikuwa mvuvi, na kama wanaume wote wa hapa, kila kiangazi aliyachoma matete ya ufukwe wake, ili mtumbwi upate mahali pa kutua na nyoka wasikaribie nyumba. Ufukwe ulibaki peupe kama kiganja. Wanawake walichota maji popote walipotaka, kila mmoja siku hii hapa, siku ile pale. Lakini furu walipungua, domodomo wakapungua, na ningu, samaki ambaye baba yako alimpenda kuliko nyama, akawa jina la kusimulia. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliniomba ningu. Nilimtafuta mpaka soko la Musoma. Nilirudi na sangara, akageuza uso ukutani.

Ndipo wewe ulipomaliza kidato cha sita ukaja na mambo ya klabu yenu ya mazingira. Ulinisimamisha pale ufukweni ukasema, "Mama, hatupandi kitu. Tunaondoka tu njiani. Ziwa linajua lilivyokuwa." Nilikuangalia nikaona macho ya baba yako alipokuwa akiomba samaki. Nikakubali kuacha kuchoma. Sikukubali kwa sababu ya elimu yako, usijisifu.

Nilikubali kwa sharti. Matete yalipoanza kukua, ulitaka watu wapite popote, vijia vidogo vinavyozaliwa na kufa vyenyewe. Nilikujibu, "Nyumba hii haitakuwa na njia za mbuzi." Nikakata njia moja, iliyonyooka, kutoka kwenye ua wetu mpaka kwenye maji. Nikapanga mawe pembeni. Nikayapaka chokaa. Nikawatangazia wanawake wote wa upande huu kwamba maji yatachotwa mwisho wa njia ile na si kwingine, ili matete yasikanyagwe. Walinitii. Watu wamezoea kunitii, na hilo ndilo kosa langu kubwa, Majura: nimeishi muda mrefu mno bila mtu wa kunikatalia.

Matete yalirudi, na mafunjo nyuma yake. Ndege walirudi, kwarara na korongo wenye taji. Fisi maji wakaja wakachana nyavu za watu. Kiboko akapanda akala mihogo yetu nusu shamba, nawe ukaniambia kwa furaha kwamba ni dalili nzuri. Wavuvi walinicheka waziwazi. "Mwalimu," waliniita kutoka mitumbwini, "wanafunzi wako wa mwaka huu wana mikia!" Mwingine akadakia, "Na wanafaulu kuliko wale wa Butiama!" Nilivumilia. Halafu asubuhi moja Mzee Bwire, aliyekuwa akicheka kuliko wote, alikuja mlangoni na ningu mnene mkononi, akamweka kwenye sinia, akaondoka bila kunitazama. Shangazi yako alimpika. Akala kichwa chote mpaka mifupa, hakunibakizia hata shavu.

"Wifi," akasema akilamba vidole, "hii misitu yako ya maji nilikuwaga naona ni wazimu. Endelea kuwa mwehu."

Na alifurahi kwa jambo jingine. Alikuwa msusi wa mikeka. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua mafunjo ya mbali, na sasa yalikuwa yakiota mbele ya mlango wake. Mikono yake ilikuwa na shughuli mchana kutwa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulipozungumza kwenye mkutano wa kitongoji, ulitaja ndege na ulitaja samaki. Mama mmoja akauliza, "Na mamba je?" Ulijibu, "Mamba wako mbali, kule mto Mara." Ulijibu upesi mno. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Ninalijua jibu la mtoto ambaye hataki swali lirudiwe.

Kisha kuna ile asubuhi. Nilikuwa dirishani. Nilikuona mwisho wa njia, umeinama, ukisawazisha tope kwa jembe. Watu hawalimi pale. Ulipoondoka niliteremka. Ulikuwa umefuta vizuri, lakini ulisahau kingo, chini ya jiwe la mwisho. Alama ilikuwa pana kama gunia lililoburutwa, na kulia na kushoto kulikuwa na nyayo zenye kucha.

Ndiyo, mwanangu. Nilijua. Uliliona tumbo la mamba kwenye tope la njia ya wanawake, ukalifuta ili matete yasikatwe. Nami nililiona, nikarudi jikoni nikasonga ugali. Nilikuwa na sababu zangu. Ningu walikuwa wamerudi. Wageni walikuwa wakija kutoka Musoma na Bunda kuutazama ufukwe wa Mwalimu, na nilikuwa nimezoea kuwatembeza kati ya mawe yangu. Nilijiambia mnyama amepita tu. Nilijiambia wewe ndiwe unayeyajua mambo haya. Tulikula ugali ule wote wawili, ukaniomba chumvi.

Wanawake waliendelea kupita palepale, wakati uleule, kati ya mawe meupe. Mnyama hakuhitaji akili nyingi. Zamani, ufukwe ulipokuwa wazi, hakuna aliyejua mwanamke gani angechota wapi. Mimi nilimfundisha mamba. Nilimpangia ratiba.

Siku yenyewe unaifahamu, lakini ulifika ikiwa imekwisha kuanza, kwa hiyo nitakueleza ulichokosa. Shangazi yako hakupiga yowe. Mamba alimshika mkono ulioshika ndoo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya ndoo. Mzee Bwire alikuwa akifungua mtumbwi wake. Aliruka akamsokomeza mnyama kasia kinywani, akasukuma kama mtu anayekwamua gari, huku akimtukana kwa matusi ambayo sitayaandika. Kasia lilivunjika. Mamba aliachia, lakini hakurudisha alichokuwa amekitafuna.

Nilimlaza Nyanjura kwenye tope, kichwa chake juu ya mapaja yangu, nikaukaza mkono kwa kanga. Wanaume wakaja na mapanga, wakaanza kufyeka matete wamtafute mnyama. Ndipo ulipotokea ukihema. Hukumtazama shangazi yako. Ulitazama mapanga. Ukapaza sauti, "Msikate!"

Alikuwa na fahamu, Majura. Alisikia. Huyu ndiye aliyekubeba mgongoni nilipokuwa nikifundisha Butiama nikikuona mwisho wa wiki tu. Wewe ulianza kumwita yeye mama kabla yangu. Nililia kwa wivu. Alikuwa akivuja damu miguuni pako, na neno lako la kwanza lilikuwa la majani.

Hospitalini Musoma waliukata juu ya kiwiko. Ulikwenda mara moja tu, na machungwa kwenye mfuko wa plastiki, ukasimama mlangoni mwa wodi. Alikuona. "Haa! Mwenye Matete amekuja," akasema kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka. "Ingia baba, usiogope, siumagi. Vipi, hayajakatwa?" Wodi nzima ilicheka, maana walidhani ni utani wa nyumbani. Uliyaweka machungwa sakafuni ukaondoka. Yeye akaniuliza, "Sasa atayamenya nani? Au yeye haoni mkono umebaki mmoja?"

Tangu hapo hupiti mbele ya nyumba yake. Unazunguka nyuma, kwenye mihogo. Anajua. Huketi kwenye kigoda chake langoni akasikia nyayo zako zikipita nyuma, na husema, bila kugeuka, "Kiboko huyo."

Askari wa wanyamapori alipokuja kutazama, alitueleza bila kupamba. Alisema mamba yule anaweza kuondolewa, lakini mahali pazuri palipo na samaki patamwita mwingine. Alisema tujenge ua wa miti ndani ya maji, mahali pa kuchotea, na njia zisiwe moja. Alisema mambo uliyoyasema wewe juu ya vijia vidogo, nami nikasimama pale kati ya mawe yangu nikisikiliza. Mzee Bwire akauliza, "Na tukichoma yote?" Askari akajibu, "Mtaona mbali zaidi. Na mtakula kidogo zaidi." Akapanda pikipiki yake.

Sikuandikii kukwambia kwamba ulikosea kuurudisha ufukwe. Utafurahi kusikia hivyo, kwa hiyo soma mpaka mwisho. Upeupe ule wa zamani haukuwa usalama. Ulituua polepole na hatukuona damu, kama shamba la Guta. Bado ninaamini kwamba matete yanapaswa kuwa pale. Lakini tuliwaambia watu kwamba tunarudisha uzuri, tukaficha kwamba uzuri ule una tumbo la kujaza. Mtu akikubali kuishi na meno kwa kuyajua, huo ni uamuzi wake. Akiletewa meno gizani, ametolewa sadaka, hata kama aliyemtoa anapenda ndege kwa moyo wote. Huko uendako watakufundisha majina ya wanyama kwa Kilatini. Siku moja watakutuma kijijini kwa watu ukawaambie waache maporomoko, mabonde na fukwe zao virudie hali ya asili. Ukisimama mbele yao, anza na meno. Wakibaki wameketi, ndipo uwaambie habari za ndege.

Na usipende kitu mpaka ukafuta nyayo kwa ajili yake. Nimeliona hilo kwa baba yangu aliyependa mistari, kwangu niliyependa mawe, na kwako. Wote watatu tulikuwa wachapakazi wazuri.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa shangazi yako baada ya ibada. Alikuwa akijaribu kusuka, ameubana mkeka kwa goti na kuvuta utepe wa funjo kwa meno. Nilimwambia langu lote: njia, mawe, na alama niliyoiona nikanyamaza. Alitema kipande cha funjo.

"Wewe nilijua," akasema. "Wewe wifi hata kaburi langu utalipigia rula."

"Nisamehe, Nyanjura."

"Tulia kwanza. Unaombaga msamaha kama unaita majina darasani." Akavuta tena kwa meno, akakosa, mkeka ukafumuka. Aliutazama. "Na yeye? Aliona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Muulize mwenyewe."

"Siulizi mimi. Nitamuulizaje mtu anayepita kwenye mihogo?" Akanikazia jicho. "Wazee wameshaniambia. Ardhi ni ya kwetu, wewe umeolewa tu, na kaka yangu hayupo. Neno ni langu. Nikisema choma, wanachoma. Viberiti ninavyo." Akapiga mfuko wa gauni. "Nataka aje aniambie kwa mdomo wake alichokiona. Akija, nitajua la kuwajibu wazee. Asipokuja, nitajua pia."

"Akija, utayaacha?"

"Sijasema hivyo. Usinitungie jibu, Mwalimu. Naweza nikamsikiliza, nikamlisha, na nikachoma vilevile. Nitakaa hapa na kigoda changu niangalie moto mpaka mwisho. Mkono ni wangu."

Ndivyo alivyosema, na sina haki ya kupunguza hata neno. Siwezi kukuahidi kwamba ukweli wako utayaokoa matete. Unaweza kuyaua. Ukimwambia, kitongoji kizima kitajua kabla ya jua kuzama, na jina utakaloachiwa hapa litakuwa baya kuliko Mwenye Matete. Usipomwambia, huenda atachoma kwa hasira, huenda ataacha kwa kukudharau. Sijui. Nimejaribu kupiga hesabu yake na nimeshindwa, na nadhani ni vizuri nimeshindwa. Ulifuta alama ile kwa kupiga hesabu.

Sitamwambia kwa niaba yako. Tangu ukiwa mtoto nimekuwa nikikuandikia mbele ya watu majibu usiyoyajua, nikiita huko malezi. Hili sitakuandikia. Wala sitakusindikiza. Ukipitia kwake, nisingependa ajue kwamba nimekuburuta. Ukipitia kwenye mihogo, nisingependa kuwa nimekuona.

Begi lako liko sebuleni, nimelifunga. Ndani ya kitambaa cheupe kuna ningu mkavu. Ametoka kwa shangazi yako. Alimkausha mwenyewe kwa mkono mmoja, akanipa bila kusema ni wa nani. Sikumuuliza. Akili yako itakwambia kama unaweza kumla.

Nyanjura amesema kesho ataamka mapema, ataketi langoni. Wazee wanakutana kwake baada ya ibada ya Jumapili. Ukipita langoni kwake, utasikia kutoka kinywani mwake mengi kuliko nitakayoweza kuandika, na mengine yatakuuma maisha yako yote. Usipopita, utaipata habari kwa barua, kama mgeni anavyopata habari za mji asioujua: iwe ni moto, iwe ni ua wa miti, nitaiandika jinsi ilivyo, bila kufuta kingo. Akishaamua, nitakuandikia.

Mama yako